Pimbi Aliyeshusha Kidevu

Paukwa!

Pakawa!

Eh! Mbona mmeitikia kama mnaofukuza mbuzi shambani? Koo ni lako, ukilipasua leo kesho utaitikia na nini? Legezeni mabega. Vuteni pumzi, tumbo lijae. Nanyi wakubwa huko nyuma, msijifiche. Tena. Paukwa!

Pakaaawa!

Haya. Hiyo imefika. Sasa tulieni.

Hapo zamani za kale palikuwa na jabali. Jabali refu, jabali jeusi, jabali lenye nyufa kama kisigino cha mkulima. Ndani ya nyufa hizo waliishi pimbi. Pimbi wanene, pimbi wafupi, pimbi wasio na hata mkia wa kufukuzia nzi. Walipenda vitu viwili: kuota jua na kula majani. Walihofia kitu kimoja: Tai.

Pimbi hao walikuwa na desturi yao. Kunapopambazuka, hakuna aliyetoa pua nje ya pango kabla hajasikia wimbo. Mwimbaji wa zamu alipanda kileleni peke yake. Akainua kidevu. Akaelekeza pua mbinguni. Akitazama akaona mbingu ni safi, aliimba:

*Tokeni, tokeni, jua li mwambani,*
*Tokeni, tokeni, umande majanini,*
*Macho ni yangu, shibeni tumboni.*

Hapo pimbi walitoka, puru-puru-puru, wakatawanyika kula. Mwimbaji alibaki kileleni, kidevu juu. Tai akionekana, alilia neno moja tu, neno refu: "Ndaaaani!" Kufumba na kufumbua, jabali tupu.

Kidevu juu! Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Adui anatoka juu, basi kidevu kiwe juu. Mababu waliimba hivyo, na mababu wa mababu waliimba hivyo. Na kila mwimbaji alimaliza zamu zake akiwa hana sauti. Pimbi walidhani ndiyo kawaida, kwamba sauti hung'oka kama jino.

Katika zama hizo mwimbaji alikuwa Mashavu, shangazi yake Siwatu. Siwatu alikuwa pimbi kijana, mwembamba kidogo, msikivu sana. Tangu utotoni alilala akisubiri sauti ya shangazi yake imwamshe. Alisikia ilipokuwa laini kama manyoya. Akasikia ilipoanza kukwaruza. Akasikia ilipokuwa ikikatika katikati ya neno na kuungwa tena, kama kamba iliyochoka.

Basi asubuhi moja, pimbi wakiwa nje, Tai akaja. Hakuna aliyejua ametokea wapi. Shangazi Mashavu akastuka, akafungua kinywa.

"Nda..."

Kkhhh.

Sauti haikutoka. Akajaribu tena. Kkhhh. Pembeni, juu ya jiwe la joto, alikuwa amelala Pazi, mwanawe wa pekee. Pazi alisubiri wimbo umwambie kuna hatari. Wimbo haukumwambia. Vuuup! Kivuli kikapita. Jiwe la joto likabaki jiwe.

Tangu siku hiyo Shangazi Mashavu hakupanda kileleni. Alikaa mwisho wa pango, uso ukutani. Na pimbi wakakaa ndani. Asiyekuwa na wimbo hatoki. Njaa ikawabana, wakawa wanachomoka mchana, wanang'ata majani ya mlangoni, wanarudi mbio, mioyo dududu. Majani ya mlangoni yakaisha.

Mzee Chonge, mkuu wa ukoo, mwenye meno mawili marefu yaliyotokeza nje, akawaita wote.

"Wanangu," akasema, "jabali bila sauti ni kaburi. Mwezi ujao ukiandama, ama tuna mwimbaji kileleni, ama tunahamia bondeni."

Bondeni kulikuwa na nyasi tele. Bondeni kulikuwa pia na fisi, na hakukuwa na hata ufa mmoja wa kujificha.

"Nani ataimba?" akauliza Mzee Chonge.

Huyu akatazama kucha zake. Yule akajikuna. Wa tatu akajifanya amelala.

"Mimi," akasema Siwatu.

Mwisho wa pango, uso uliokuwa ukutani ukageuka.

"Usiimbe, mwanangu," akasema Shangazi Mashavu kwa sauti ya majani makavu. "Wimbo ule unakula."

"Nitaimba, shangazi," akasema Siwatu. "Watoto hawana cha kula."

*

Kesho yake Siwatu akapanda mwamba mdogo nyuma ya jabali, mahali pa kujifunzia. Akainua kidevu. Akakaza shingo. Akapiga: "Tokeniii!"

Sauti ikatoka nyembamba, ikafa palepale puani.

"Kwaa! Kwaa! Kwaa!" Alikuwa Kunguru, amekaa juu ya jiwe, anacheka mpaka anapepesuka. "Hiyo ni sauti au mtu amekanyaga panya?"

"Ninajifunza, kaka Kunguru."

"Basi jifunze kwa wenye sauti! Nisikilize mimi. Sauti ni nguvu, dada. Kaza koo! Mishipa itoke! Ukiona haiumi, jua hujaimba. Kwaaa!"

Siwatu akamtazama. Kweli, Kunguru alisikika hadi kijiji cha pili. Basi akafuata. Akakaza koo, mishipa ikatoka. Kidevu juu, juu zaidi. Akapiga kelele asubuhi, akapiga kelele mchana, akapiga kelele hadi jua likazama. Koo likaanza kuwasha. Akasema, ni bidii. Likaanza kuchoma. Akasema, ni bidii. Asubuhi moja akaamka, akamsalimia mama yake, na kilichotoka kilikuwa kile kile.

Kkhhh.

Siwatu akaogopa. Akashuka jabali mbio, chini, chini, mpaka kwenye majani yenye umande. Akalamba umande kama mwenye homa. Akalamba na machozi yake pia.

Hapo ndipo akasikia.

*Kuu-kuu, ruu. Kuu-kuu, ruu.*

Sauti ilikuwa karibu, kana kwamba imo sikioni. Akageuka kulia, hakuna. Akageuka kushoto, hakuna. Akatafuta kichakani, hakuna. Akatazama ng'ambo ya kijito, mbali, kwenye mgunga uliosimama peke yake. Kwenye tawi amekaa tetere, njiwa mdogo wa kijivu, mwenye mstari mweusi shingoni. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Siwatu akavuka kijito, jiwe kwa jiwe.

"Shikamoo, Bi Tetere," akasema kwa mkwaruzo.

"Marahaba. Nyamaza."

"Nimekuja kuu..."

"Nimesema nyamaza, binti. Nimekusikia siku zote hizi huko juu. Mayai yangu yamekusikia. Umekuja kuuliza nawezaje kuimba nimefunga mdomo nawe ukisikia. Si ndiyo? Itikia kwa kichwa."

Siwatu akaitikia kwa kichwa.

"Nitakufundisha. Tai anakula pimbi, na asipopata pimbi anakula tetere. Hiyo si huruma, ni ujirani. Lakini mimi sifundishi koo bovu. Nenda kanyamaze mpaka koo lisahau. Usinong'one pia, kunong'ona ni kukwaruza kwa siri. Na usikohoe-kohoe kama mzee wa baraza. Lamba umande, ulale."

"Lakini mwezi..." Siwatu akaanza.

Bi Tetere akamgeuzia mkia.

*

Basi somo la kwanza la kuimba lilikuwa kunyamaza. Lilimwia Siwatu gumu kuliko kazi zote. Pimbi walimuuliza, "Wimbo umefika wapi?" akawajibu kwa macho. Kunguru akapita juu, "Kwaa! Mwimbaji bubu!" akamjibu kwa mgongo.

Koo liliposahau, akarudi kwenye mgunga.

"Lala chali," akasema Bi Tetere.

"Nilale?"

"Una mgongo? Ulalie."

Siwatu akalala chali. Bi Tetere akashuka na kijiwe mdomoni, akakiweka juu ya tumbo lake. "Vuta pumzi, kijiwe kipande."

Siwatu akavuta. Mabega yakapanda. Kijiwe hakikupanda.

"Pumzi yako inaishia shingoni, kama maji kwenye kibuyu kilichoziba. Tena."

Akavuta. Kifua kikapanda.

"Hapo imefika dirishani. Iingize ndani ya nyumba. Tena."

Akavuta polepole. Mbavu zikapanuka, tumbo likajaa, na kijiwe, taratibu, kikapanda. Akatoa pumzi, kikashuka. Kikapanda, kikashuka. Siwatu akacheka, kijiwe kikaanguka.

"Vizuri," akasema Bi Tetere. "Okota, urudie."

Akajifunza kuvuma akiwa amefunga mdomo, mmmm, mmmm, mpaka pua na midomo ikawashawasha. Akajifunza kupiga miayo ili koo lifunguke. Akajifunza kuanza chini na kupanda polepole, kama anayepanda jabali asilolijua. Na kila koo lilipoanza kuuma, Bi Tetere alilisikia kabla yake.

"Nyamaza."

"Bado naweza, bibi."

"Najua unaweza. Shangazi yako naye aliweza, akaweza, akaweza, hadi siku asiyoweza. Maumivu si bidii. Koo si ngoma, halipigwi."

Siwatu akanyamaza. Neno hilo likamwingia.

Siku moja akasimama, akavuta pumzi, akainua kidevu ili aimbe wimbo wenyewe. Bi Tetere akaruka akatua juu ya pua yake.

"Hiki nini?"

"Kidevu, bibi."

"Kinakwenda wapi?"

"Juu. Ndiyo sheria yetu. Tai anatoka juu."

"Na macho yako yamefungwa kwenye kidevu? Macho yanaweza kupanda yenyewe. Ukinyoosha shingo hivi, unaikaba sauti kwa mkono wako mwenyewe. Shusha."

"Mababu..."

"Mababu zako walizeeka na sauti?"

Siwatu akafikiri. Akamfikiria bibi yake, aliyekuwa akikoroma maneno. Akamfikiria shangazi yake. Polepole, kama anayetua mzigo, akashusha kidevu.

"Imba."

*Tokeni, tokeni, jua li mwambani...*

Sauti ikatoka. Haikusukumwa, ilitoka. Ikavuka kijito, ikagonga jabali, ikamrudia. Siwatu akastuka, akatazama mbele. Na kwa mara ya kwanza, akiwa anaimba, aliona kijito. Aliona korongo, aliona nyasi za ng'ambo zikilala kwa upepo. Hakuwahi kujua kwamba mwimbaji anaweza kuliona korongo.

"Sasa sauti unayo," akasema Bi Tetere. "Kilichobaki ni macho."

"Macho yangu?"

"Yao."

Maana kuimba mbele ya mgunga ni jambo moja, na kuimba mbele ya wenye njaa ni jambo jingine. Bi Tetere akamwambia aimbie jiwe. Akaimbia jiwe. Akamwambia aimbie mjusi. Mjusi akasikiliza nusu, akaondoka.

"Ameondoka!" akasema Siwatu.

"Nawe umekatisha. Nani kakwambia ukatishe? Asiyetaka aende. Wimbo una mwenyewe."

Akawaimbia watoto wa pimbi. Watoto wakachekelea kila alipovuta pumzi, wakatunisha matumbo yao wakimwigiza. Sauti ikamkwama. Akakimbia, akaja analia.

"Nimekosea, bibi! Mbele ya watoto tu!"

"Kosa limekwenda wapi?"

"Limepita."

"Basi kwa nini unalifuata? Kosa likipita, liache lipite. Wewe fuata pumzi. Rudi kaimbe."

"Leo hii?"

"Watoto wangali pale, au wameshahama?"

Akarudi. Akaimba. Watoto wakacheka tena, lakini kidogo. Akaimba tena. Mmoja akaanza kuitikia.

*

Mwezi ukaandama. Ukakaa magharibi, mwembamba kama ukucha. Na kulipopambazuka, pimbi wote wakasogea kwenye milango ya mapango, mifupa mitupu, mizigo imefungwa. Wakamtazama Siwatu akipanda.

Woga aliodhani ameuacha kwenye mgunga ulikuwa umemsubiri kileleni. Akasimama. Akakanyaga mwamba kwa nyayo zote. Akapiga mwayo mkubwa.

"Anapiga miayo!" akasema mmoja. "Sisi tunakufa, yeye ana usingizi!"

"Kwaa! Mletee mkeka!" akasema Kunguru, aliyekuwa amewahi nafasi ya mbele.

Mzee Chonge akanguruma kutoka mlangoni, "Kidevu juu, binti!"

Jabali zima likasubiri. Siwatu akamtazama Mzee Chonge kwa heshima yote.

"Babu, niwie radhi. Kidevu kitabaki kilipo."

Minong'ono ikavuma kama nyuki. "Amevunja sheria!" "Mtoto wa nani huyu?" "Atatuua!" Siwatu akaanza katikati ya minong'ono ile.

"To..."

Sauti ikapasuka vipande viwili.

"Kwaa! Kwaa! Kwaaa!"

Siwatu akahisi uso ukiwaka moto. Kosa lile lilisimama mbele yake, kubwa kama nyumba. Likapita. Hakulifuata. Akatafuta kati ya macho yote yale, akapata macho mawili mlangoni, nyuma ya wote, macho ya Shangazi Mashavu. Akavuta pumzi mpaka akakihisi kile kijiwe, ambacho hakikuwepo, kikipanda.

*Tokeni, tokeni, jua li mwambani,*
*Tokeni, tokeni, umande majanini,*
*Macho ni yangu, shibeni tumboni.*

Wimbo ukamwagika jabali zima. Ukaingia katika nyufa ambazo hata jua haliingii. Minong'ono ikazimika. Mtoto mmoja akatoa pua. Akatoa kichwa. Akatoka! Na wengine nyuma yake, puru-puru-puru, wote, wakayavamia majani. Wakala. Wakala wakilia. Mzee Chonge akatoka wa mwisho, akainua kidevu yeye mwenyewe, maana hakumwamini binti.

"Mbingu safi!" akatangaza.

Siwatu aliinua macho, akaona mbingu safi. Akashusha macho, akatazama korongo. Nyasi za ng'ambo zilikuwa zimelala. Lakini upepo haukuwepo.

Chini kabisa, karibu na kijito, kitu kilikuwa kikipita juu ya nyasi. Kipana. Kimya. Ncha za mbawa karibu ziguse maji. Tai alikuwa amewajua pimbi zamani. Alijua wanatazama juu. Kwa hiyo alikuja kutoka chini.

Na chini, kwenye ngazi ya mwisho ya mwamba, walikuwa watoto.

Mwili wote wa Siwatu ukataka kupiga kelele. Koo likajikaza. Kidevu kikaanza kupanda chenyewe. Na Tai anapokuja, pumzi moja ni ndefu mno, nani ana nafasi ya kuivuta? Aliivuta. Akashusha kidevu, akajaza tumbo, akafungua koo.

"Ndaaaaaaaani!"

Sauti ikashuka kama maji ya mvua. Ikagonga ukuta wa korongo, ikarudi, *ndaaani, ndaaani*, hata wenye vinywa vilivyojaa wakaisikia kwenye mifupa. Pruuu! Watoto ndani. Mama zao ndani. Mzee Chonge ndani, kinyumenyume. Kunguru akaanguka kutoka jiweni, akajificha pangoni pamoja na pimbi. Siwatu akajitupa ufani. Kwaruuu! Kucha za Tai zikakwaruza mwamba mtupu.

Akapiga mbawa. Akazunguka. Akaondoka.

Ndipo wakasikia sauti ya majani makavu.

"Kutoka chini," akasema Shangazi Mashavu. "Alikuja kutoka chini. Nami nilikuwa natazama mbingu." Akarudia, "Nilikuwa natazama mbingu."

Siwatu akaenda akakaa kando ya shangazi yake, ubavu kwa ubavu, mpaka kupumua kwao kukawa kumoja. Shangazi akalia kilio alichokuwa amekiweka tangu siku ya Pazi. Kilikuwa kilio cha chini, cha tumboni, na hakikumkwaruza.

Mizigo ikafunguliwa. Pimbi hawakuhama.

Asubuhi iliyofuata, Siwatu akiwa kileleni, Mzee Chonge akasimama mlangoni, akakunja uso, akanguruma mbele ya wote, "Kidevu chini, binti! Mbona unasahau sheria?" Pimbi wakatazamana. Siwatu akatabasamu, akaimba.

Sauti ya Shangazi Mashavu haikurudi yote. Lakini alishuka hadi kwenye mgunga kila asubuhi, akavuma, mmmm, mmmm, na siku moja watoto wakamkuta amewalaza chali mwambani wenzao waliotangulia kufika, kila mmoja na kijiwe tumboni. Kunguru naye alikuja kwa Bi Tetere, kichwa chini.

"Bibi, na mimi je? Koo langu limechelewa?"

"Limechelewa sana," akasema Bi Tetere. "Okota kijiwe, ulale chali."

Basi, enyi wadogo na wakubwa, funzo ndilo hili: sauti haijengwi kwa kulipiga koo, hujengwa kwa pumzi na subira. Desturi inayoumiza iulizwe, hata kama ni ya mababu. Na anayesubiri woga umwishe ndipo asimame mbele za watu, hatasimama kamwe. Siwatu alisimama nao.

Hadithi yangu imepanda jabali, imevuka kijito, na imeishia hapo kwenye mgunga. Anayeitaka aichukue, aimbe. Ila avute pumzi kwanza.